Mkono wa Mtu Mwingine kwenye Dramu Zangu

Wiki iliyopita mliniacha kwenye kitanda cha hospitali hapa Pernik, mkono wa kushoto umefungwa bendeji mpaka karibu na kiwiko, baada ya mlango wa gari la bendi kunibana vidole viwili siku ya pili tu tangu tumalize kurekodi santuri yetu ya nyimbo tisa. Kwa walioikosa sehemu ile: naitwa Zornitsa, wa nyumbani wananiita Zori, napiga dramu kwenye bendi ya Vagonetka. Kiongozi wa bendi ni kaka yangu Yavor. Na yule aliyekuwa mchumba wangu, Borimir, mpiga dramu mwenzangu, aliivunja posa kwa kumtuma dereva wa teksi aje kuichukua pete.

Nilidhani mikosi imenichoka. Kumbe ilikuwa imekwenda kunywa maji.

Leo nawasimulia harusi ya kaka yangu, na yaliyonikuta siku mbili baada ya harusi. Nawaambia mapema kwamba naandika kwa mkono wa kulia, kwa hasira, na mhariri ameniomba nipunguze matusi. Nimepunguza.

Yavor alikuwa anamwoa Galena, binti wa Varna, msichana mpole ambaye sina ugomvi naye. Ukumbi ulijaa. Nyama ya nguruwe ilikuwa inatoka jikoni kwa masinia, rakia, ile pombe yetu kali ya matunda, inamiminwa, wajomba wameshaanza kubusiana. Ndipo Yavor akashika maiki.

"Jamani! Leo hamchezi muziki wa watu. Mtacheza wetu wenyewe! Wimbo umetoka jikoni juzi, hata bendi haijausikia. Shikaneni mikono!"

Moyo ulinidunda kwa furaha, nakiri. Wimbo ule nilikuwa nimeutengeneza mimi. Ni horo, mchezo wetu wa kushikana mikono kwa safu, ya hesabu kumi na moja, ile ambayo kwetu mtoto huijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu, ila sisi tumeitia gitaa za muziki mzito. Miguu inakwenda hatua mbili fupi, moja ndefu, mbili fupi. Ile ndefu ya katikati ndiyo roho ya mchezo. Mguu unabaki hewani, na mpiga dramu ndiye anayeushikilia kwa mapigo madogo ya chinichini, ya mkono wa kushoto, mpaka mwenyewe aamue kuuachia.

Mkono wa kushoto. Wangu ndio huo uliofungwa bendeji.

Safu ikajipanga ukumbi mzima, bibi harusi mbele, leso hewani. Wimbo ukaanza. Mzunguko wa kwanza wakayumba. Wa pili mjomba akakanyaga gauni. Wa tatu bibi harusi akaenda chini na watu sita juu yake, na sahani ya saladi ikamfuata.

Muziki ukazimwa. Shangazi Verka, mwenye miaka sabini na nyonga ya chuma, akasimama katikati ya ukumbi akihema.

"Nani huyu anapiga? Ana mguu mmoja?"

"Si Zori," mtu akajibu.

Macho yote yakanigeukia.

"Zori mwanangu," shangazi akasema, "siku ile ya kurekodi ulikuwa umelewa?"

Ukumbi ukacheka. Nilicheka na mimi, maana ukitukanwa kwenye harusi ya kaka yako utafanyaje? Lakini masikio yangu yalikuwa yameshasikia. Ile haikuwa dramu yangu. Mtu akipiga snea kwa mkono, ile ngoma ndogo yenye nyaya chini, hakuna mapigo mawili yanayofanana. Haya yalikuwa mapacha mia nne waliovalishwa shati moja. Yale madogo ya chinichini hayakuwapo kabisa. Ile hatua ndefu ilikuwa imekatwa kidogo ili ilingane na saa ya kompyuta, na gitaa zikakatwa kuifuata. Kidogo tu. Lakini mguu wa mtu wa Pernik hauidanganyi kompyuta wala haudanganywi nayo.

Nilimfuata Yavor nyuma ya jiko.

"Yavor, dramu zangu ziko wapi?"

"Watu huanza na hongera, dada."

"Dramu zangu ziko wapi?"

"Si ndizo hizo umezisikia? Fundi Svilen amezisafisha tu kwenye kuchanganya sauti."

"Kusafisha ni kufuta vumbi. Huku ni kumtoa mwenye nyumba na kumweka mpangaji."

"Zori, leo ni harusi yangu."

"Ndiyo maana bado una meno."

Akacheka, akanishika bega. Nikautoa mkono wake.

"Sikiliza," akasema. "Bendi zote za muziki mzito zinafanya hivi. Wanachukua pigo moja zuri, kompyuta inalibandika mahali pa kila pigo. Linatoka safi, linatoka na nguvu. Msikilizaji hajui."

"Shangazi Verka amejua!"

"Shangazi Verka hanunui santuri."

"Kaka, nirudishie mapigo yangu. Sikuombi kingine."

"Haiwezekani. Jumatatu faili linakwenda kiwandani. Limeshakwisha. Rudi ukale keki."

Akaenda zake na ua lake kifuani. Nilibaki pale na masufuria.

Mnielewe vizuri. Singegombana kwa ajili ya sifa. Kwa nyimbo tisa zile niliacha kazi ya kiwanda cha mikate, mliisoma habari hiyo. Kwa nyimbo zile nilifanya mazoezi majira mawili ya baridi ndani ya gereji ya nyumbani, katikati ya mitungi ya pilipili za mama, nimevaa glavu nilizozikata vidole. Daktari alinitazama usoni akasema wiki sita nitashika kijiti tena. Na hata wiki sita zikipita, nyimbo zile hazirekodiwi mara mbili. Santuri ikishachapwa imechapwa. Vagonetka ingekumbukwa kwa dramu ambazo hazikupigwa na mtu, na kila shangazi wa mkoa mzima angesema Zori alikuwa mlevi.

Jumatatu asubuhi nikapanda basi la Sofia bila kumwambia mtu.

Studio ya Svilen iko chini ya jengo moja la ghorofa kule Lyulin, unashuka ngazi kana kwamba unakwenda kuchukua viazi. Alinifungulia akiwa na ndala na kikombe. Ni mwembamba, amekaa gizani mpaka amekuwa rangi ya jibini.

"Dada Zori! Mbona mkono mtupu? Mtu wa Pernik akija bila nondo naogopa zaidi." Watu wa Sofia hututania kwamba hatutembei bila nondo, ile fito ya chuma.

"Nondo iko kwenye basi. Wewe ndiye mwizi?"

"Mwizi gani anafungua mlango mwenyewe?"

"Umeniibia nyimbo tisa."

Akaweka kikombe chini. Akanivutia kiti.

"Kaa kwanza. Umesikia mchanganyo?"

"Nimeusikia, na bibi harusi ameusikia kwa goti."

Nikamsimulia. Nilipofika kwenye saladi alitaka kucheka, akaona uso wangu, akameza. Aligeukia kompyuta, akabonyeza hapa na pale, na spika zikatoa dramu zangu. Zenyewe. Zilivyotoka gerejini.

Nilijisikia mwenyewe. Nilisikia mahali nilipokawia kwa makusudi, na mahali nilipomkimbiza Yavor na gitaa lake. Nilisikia mkono wangu wa kushoto ukinong'ona chini ya ile hatua ndefu, ukiushikilia mguu wa watu hewani. Nililia, basi. Sitaki kusema uongo kwenye gazeti.

Svilen alisimamisha.

"Nikwambie ukweli?" akasema. "Nilimwambia kaka yako aziache. Hizi hazikuhitaji kitu. Kuongeza sauti kidogo hapa, kupunguza pale, basi. Mimi nabandika mapigo pale mpiga dramu anapokuwa mbovu, na wabovu ni wengi, Mungu anawajua. Wewe si mmoja wao."

"Sasa kwa nini ukabandika?"

"Niliagizwa."

"Aliagiza nini hasa? Maneno yake."

Svilen akakuna shingo.

"Alisema, 'Toa yale madogo madogo. Nyoosha hesabu. Nataka kitu ambacho mtu yeyote anaweza kukipiga jukwaani.'"

"Mtu yeyote nani?"

"Sikumuuliza."

"Svilen, bendi ina mpiga dramu. Huyu hapa amekaa mbele yako. Mtu yeyote nani?"

"Dada, mimi ni fundi. Sikumuuliza!"

Nilisimama, nikakaa, nikasimama tena. Halafu jambo likanijia.

"Hizo sampuli ulizobandika ulinunua wapi?"

"Sikununua. Ni za dramu zako mwenyewe. Kaka yako aliniletea."

"Za dramu zangu."

"Si ndiyo kawaida? Mkimaliza kurekodi mpiga dramu anabaki, anapiga kila ngoma moja moja, kuanzia polepole mpaka kwa nguvu, anaacha kila pigo life lenyewe. Ni akiba ya fundi. Nilijua ulipiga wewe. Nikasema afadhali, angalau ni mkono wake uleule."

"Mimi sikupiga."

"Unasemaje?"

"Ilikuwa nipige siku iliyofuata. Siku iliyofuata nilikuwa nimelala hospitalini na vidole vimevimba mfano wa soseji. Sikupiga hata pigo moja la akiba."

Svilen akaitazama bendeji yangu.

"Basi kapiga nani?"

"Lete faili lenyewe. Si vile vipande ulivyokata. Lile refu, kama lilivyokuja."

Alisitasita.

"Zori, mambo ya nyumbani kwenu..."

"Lete!"

Akalifungua. Spika zikatoa pigo la snea. Kisha kimya. Kisha pigo lingine. Kimya.

Ngoma ilikuwa yangu. Ina ufa mdogo kwenye ukingo, inatoa mlio wa nzi, naujua nikiwa usingizini. Lakini mkono haukuwa wangu. Ulikuwa mzito, na kila mara kijiti kiligonga na ukingo wa chuma, hata pale kwenye mapigo ya polepole. Ninamjua mtu mmoja tu mwenye ugonjwa huo. Nilimwambia mara mia auache, naye akaniambia wivu.

Pigo. Kimya. Mtu akakohoa. Halafu sauti ikasema, karibu kabisa na maiki:

"Hii imetosha, shemeji?"

Borimir. Amemtuma dereva wa teksi kuichukua pete, na bado anamwita kaka yangu shemeji.

"Ongeza nguvu," sauti ya Yavor ikajibu kwa mbali. "Ukiwa jukwaani itabidi mlio utoke hivyohivyo."

"Na jina kwenye jalada?"

"La kwako. Nimeshasema."

Pigo.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mimi nililala na sindano mkononi, na kaka yangu, mtoto wa mama yangu, alikuwa amemkalisha mwanamume yule kwenye kiti changu, kwenye gereji yangu, akiupigisha mkono wake kwenye ngozi niliyoifunga mwenyewe. Na kwa kuwa yule hawezi hesabu ya kumi na moja, hajawahi kuiweza, wakaukata wimbo ili umwenee, kama suruali ya marehemu.

Nilipiga meza kwa mkono mzima. Kikombe cha Svilen kikaruka.

"Zirudishe zangu."

"Zori..."

"Sasa hivi. Unaweza?"

"Kuweza naweza. Ni kuzima sampuli na kurudisha za asili, kila wimbo. Gitaa zipo zote ambazo hazijakatwa. Kiwanda kinapokea mpaka saa kumi." Alitazama saa ya ukutani. "Lakini kaka yako ataniua."

"Ama akuue yeye, ama nikuue mimi. Chagua mtu wa Pernik."

Akanitazama, akaanza kucheka, mabega yakamtikisika. Kisha akavuta kiti chake karibu na meza.

"Nimekuchagua wewe," akasema. "Yeye nondo yake iko mbali."

Akaanza kazi. Naapa sijawahi kumpenda mtu upesi namna ile. Wimbo wa kwanza, akazima. Wa pili, akazima. Alikuwa anazirudisha bila kuzisikiliza, kwa kuzitazama tu kwenye kioo cha kompyuta, na lile faili refu la akiba alilisahau, likawa linaendelea kucheza kwenye spika. Pigo, kimya. Pigo, kimya. Sikumwambia alizime. Nilikuwa nahesabu makosa ya Borimir, ilinipa raha.

Kisha kwenye kimya kimoja nikasikia mlango wa gereji. Unalia, haujatiwa mafuta tangu baba yu hai. Zikafuata ndala zikiburuzwa, na vikombe vikigongana kwenye sinia.

"Kahawa hii hapa," sauti ikasema. "Malizeni upesi. Nataka kwenda kumpelekea Zori supu."

Mama.

Svilen alinyoosha mkono kuzima. Nikaushika.

"Acha."

"Mama," ilikuwa sauti ya Borimir, ananyonya kahawa, "na akipona akitaka kiti chake?"

Nilisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe.

"Hatapona," mama akasema. "Daktari aliniita pembeni. Kilichokatika kwenye vile vidole hakiungiki. Kijiti hatakishika tena maisha yake yote. Zori mwenyewe amemwambia wiki sita, nimemwomba mimi aseme hivyo. Na nyie mkifungua midomo yenu nitawalaani. Mwacheni aote mpaka harusi ipite."

"Pole, mama," Borimir akasema.

Kisha akapiga pigo lingine, kwa nguvu, kama alivyoagizwa.

Kwetu ndivyo ilivyo. Habari mbaya hupewa ndugu, mgonjwa hupewa supu. Nimewaona wazee wakizikwa bila kujua walikuwa wanaumwa nini, ukoo mzima ukijua, na jirani, na muuza magazeti. Nilipokuwa mdogo niliona ni upendo. Ninawaandikia leo mnisikie: ni wizi. Mkono ni wangu. Habari za mkono ni zangu.

"Rudisha nyuma," nikamwambia Svilen.

"Zori, usijitese."

"Rudisha."

Akarudisha. Nilisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia arudishe tena. Nilikuwa natafuta mahali ambapo labda mama alimsema mtu mwingine, vidole vingine. Hapakuwapo.

Na hapo ndipo hasira ilipopanda yote, ile ya harusi, ya pete, ya mlango wa gari. Maana kama walijua mkono wangu umekwisha, basi nyimbo zile tisa ndizo zilizobaki. Ndicho kitu pekee ambacho mkono huu umekiacha duniani. Kazi yao ilikuwa moja, kukilinda. Walichofanya ni kukifuta kabla hata bendeji haijachafuka, na kunipakulia keki.

Svilen alikuwa amegeuka, uso umemshuka.

"Niendelee?" akauliza. "Tumefika wimbo wa tano."

"Endelea."

"Na wewe unatafuta nini?"

Nilikuwa natafuta mkasi. Nikaupata kwenye kopo la kalamu, ule anaokatia nyaya.

"Zori, weka hiyo chini. Si daktari amesema isifunguliwe?"

"Daktari amesema na mama. Mimi hajaniambia kitu."

"Subiri basi, ngoja nimpigie mtu. Zori! Nitakupeleka hospitali mwenyewe, gari liko hapo juu."

Nilipitisha ncha ya mkasi chini ya bendeji, pale karibu na kiwiko, nikakata mpaka vidoleni. Pamba ikatoka, ya manjano, kikafuata kile kipande cha bati kilichokuwa kimevinyoosha vidole. Vilikuwa vimesinyaa, vyeupe, na mshono mweusi umevuka vyote viwili. Svilen alisimama na mikono kichwani. Kwenye spika Borimir alikuwa bado anapiga, pigo moja moja.

Nikauweka mkono wangu mezani, kiganja juu, nikakiamuru kidole cha shahada, kimoja cha vile viwili, kikunjike.